Uzito wa Tofali

Mwanamke akipendwa huambiwa mengi, na mengi ya hayo hayana madhara. Ataambiwa macho yake yanalewesha hata kama usingizi umemvimbisha kope. Ataambiwa hazeeki, ataambiwa hanenepi, na yeye atajua fika kwamba anadanganywa, na atataka aambiwe tena. Huo ndio utamu wenyewe, na mwenye wivu ajinyonge. Lakini kuna uongo mwingine, jamani, ambao anayekupenda akikuambia, ni heri angekunyima hata salamu.

Binti yetu huyu aliujua uongo wa namna hiyo mchana kweupe, akiwa kazini na pasi mkononi.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi. Siku hiyo alikuwa amesimama kwenye mvuke wake kama kawaida, mashati yananing'inia nyuma yake, ila sikio la kushoto lilikuwa limezibwa kwa pamba. Daktari alisema ngozi ya ndani ya sikio imechanika. Inaweza kujiunga yenyewe, inaweza isijiunge. Kwa sasa maji yasiingie, na mtu yeyote asimguse kichwa.

Akaingia Kinyozi kuchukua makoti yake meupe ya kazini. Kinyozi huyu alikuwa mwenzake kwenye ukumbi wa mazoezi ya kupigana, mtu wa maneno mengi, asiyeweza kukupa pole bila kukuchekesha. Leo alimpa pole akaishia hapo. Akayahesabu makoti, akayakunja vibaya, akayakunjua. Binti akamtania kwamba leo amemeza nini, au wateja wamemkimbia. Kisha binti akaanza kujisema mwenyewe, kwamba aibu inamuuma kuliko hata hilo sikio, maana mtu mzima anayeitwa Chuma amepigwa tofali moja tu mbele ya wageni wa ukumbi mwingine, akafumba macho na kugeuza mgongo kama siku ya kwanza.

"Dada," Kinyozi akasema, "mimi silali vizuri. Acha kujilaumu. Kabla ya siku ile hukuwahi kupigwa tofali."

Ili uelewe neno hilo lilimwingiaje, lazima kwanza nikuambie mambo ya ukumbi ule.

Ulikuwa juu ya ghala la magodoro, ngazi za chuma nje, na harufu ya sponji mpya ikipanda mpaka madirishani. Pale hakuna aliyempiga mwenzake apendavyo. Kulikuwa na uzito wa aina nne, na kila mmoja una jina lake. Unyoya ni kukugusa tu. Mto ni ngumi inayokusukuma bila kukuumiza. Mlango ni ile ya kubisha hodi kwa mtu aliyelala fofofo. Na tofali ni tofali, haina maelezo. Sheria ilikuwa moja: anayepigwa ndiye mwenye mizani. Yeye ndiye anayetaja uzito, na mpigaji anatoa alichoombwa, hazidishi. Watu walipanda polepole namna hiyo, kama mtu anavyoingia kwenye maji ya baridi, kidole kwanza, kisha mguu, kisha kiuno. Mwalimu alikuwa akiwaambia kwamba mwili ukirushwa hatua hausomi uvumilivu, unasoma woga, na woga ukishasomwa haufutiki. Aliyezidisha uzito alitolewa nje hapohapo, awe nani. Ya kupunja haikutungiwa sheria. Nani angepunja ngumi?

Binti alikwenda pale kwa sababu ya macho. Alikulia kwenye nyumba ambayo baba alikuwa akipiga. Baba mwenyewe alishakufa zamani na watu wakamlilia, lakini mkono wake haukuzikwa naye. Mteja akinyoosha mkono kuchukua nguo juu ya rafu, binti alifumba macho. Mtu akimpungia mkono barabarani kwa furaha, alifumba macho. Alichoka. Alitaka siku moja mkono wa mtu upande hewani, na yeye autazame tu kama anavyotazama saa ya ukutani.

Na huyo mwalimu wake alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mabega ya kubebea kabati. Siku ya kwanza alimwambia kwamba pale hawatafuti ushujaa, wanatafuta macho yaliyo wazi. Akamfunga bendeji za mikononi yeye mwenyewe, na siku zilivyokwenda zile bendeji zikawa zinachukua muda mrefu kuliko zinavyostahili. Mara amezungusha vibaya, inabidi azifungue aanze tena. Mara kidole hiki kimebanwa. Wenzao wakawa wanakohoa makusudi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hawa wawili hata hawakujaribu kuyaficha. Ukumbini alimwita Mwalimu, na nje ya ukumbi alimwita "we bwana," kwa sauti fulani ya chini ambayo mwanamume yule alikuwa tayari kupanda zile ngazi kwa magoti ili aisikie tena.

Akapanda uzito, binti wa watu. Unyoya, mto, mlango. Na siku alipotaja tofali, Mwalimu akampiga, na macho yake yakabaki wazi pima. Darasa zima lilimpigia makofi na kumpa jina la Chuma. Alilia njia nzima kurudi nyumbani, na mama yake alipomuuliza ana nini, akasema ana furaha.

Sasa Kinyozi alikuwa amesimama mbele yake akimwambia kwamba ile haikuwa tofali.

"Ilikuwa nini?"

"Mwalimu alitukusanya siku moja ukiwa unabadilisha nguo. Akasema atakayekupiga kuzidi mto asirudi tena. Kwa hiyo ulipoita mlango tulikupa mto, na ulipoita tofali tulikupa mto. Tulikuwa tunatoa pumzi kwa kishindo, tunapiga na mguu chini, ili uone kama tumetia nguvu." Akalikunja koti lilelile tena. "Hata mimi, dada. Nisamehe."

"Na mkaniita Chuma."

"Hatukukucheka. Haki ya Mungu hatukukucheka. Tunakupenda."

Binti akaimalizia kola ya shati aliyokuwa nayo, maana mwenye shati hana kosa. Akaiweka pasi mahali pake, akachomoa waya ukutani, akamwambia mwenye duka kwamba sikio limeanza tena, anaomba ruhusa. Akaelekea kwenye ghala la magodoro.

Alimkuta Mwalimu peke yake, miguu mitupu, anapiga deki mikeka kwa maji ya dawa kabla ya darasa la jioni. Mtu akipenda anapenda tu, hata akiwa na hasira za kuua. Alipoona shingo ile imeinama juu ya ndoo, moyo wake ulimsaliti ukaruka kama kawaida yake, na hilo likamwongezea uchungu. Mwanamume akageuka, uso ukamng'aa, akaacha fagio. Akaja akakaa upande wake wa kulia kwenye benchi, kwa sababu alijua kushoto hasikii. Alikuwa amekesha kwenye benchi la hospitali siku ile ya ajali ya sikio, mpaka wauguzi wakamhurumia yeye kuliko mgonjwa. Akaanza kueleza mambo ya Jumapili, kwamba shangazi zake watakuja wote, na mjomba amenunua viatu vipya kwa ajili hiyo tu. Maana Jumapili wazee wa pande mbili walikuwa wakutane nyumbani kwa mama yake binti, wapange siku ya harusi.

Binti akamwacha amalize. Kisha akasema, "Nina swali moja, we bwana. Unijibu kama mwalimu wangu, usinijibu kama mchumba."

"Uliza."

"Siku mliyonipa jina. Ulinipiga tofali?"

Mwalimu akatazama ndoo. Chini, kwenye ghala, watu walikuwa wanaburuta godoro sakafuni.

"Nani kakwambia?"

"Sijauliza hilo."

"Haikuwa tofali."

"Ilikuwa nini?"

"Mto," akasema. Kisha, kama mtu anayeongeza kitu kidogo ili mteja asikasirike, "Mto mzito kidogo."

Binti akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na mwanamume alipokisikia akaweka kiganja juu ya goti lake kumtuliza. Goti likaondolewa.

Ndipo Mwalimu akafunguka. Alisema ni siku ile alipokwenda kujitambulisha kwa mama mkwe wake. Binti alitumwa dukani sukari, na mara tu mlango ulipofungwa mama alimsogezea mgeni kiti karibu, akakunja mkono wa gauni. Akamwonyesha ule mkono wake ambao haunyooki, akamwambia ulivunjwa na nani na kwa kosa gani, na kwamba siku hiyo huyu mtoto alikuwa chini ya meza anatazama. Akasema yeye ametoka kwenye nyumba ya ngumi, hawezi kumpeleka mwanawe kwa mtu ambaye ngumi ndiyo kazi yake. Labda aape. Aape kwamba hatamnyanyulia mkono wa kumuumiza, hata kwa mchezo, hata kwa kumfundisha.

"Nikaapa," Mwalimu akasema. "Kwa kaburi la mama yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Amekaa pale na mkono ule, ananitazama."

"Ningeapa."

"Basi."

"Basi nini? Ningeapa, halafu ningekuja kwako siku hiyohiyo nikakwambia, mama yako ameniapisha, siwezi kukufundisha tena, tafuta mwalimu mwingine. Hayo tu. Yalikuwa maneno mangapi hayo?"

"Ungekwenda kwa mwingine."

"Ndiyo. Ningekununia, ningelia, na ningekwenda."

"Nilijua ungekwenda," akasema polepole. "Nilitaka ubaki. Nilikuwa nakuona hapa kila jioni. Sikutaka mtu mwingine akufunge bendeji."

Ah, maneno matamu hayo. Siku nyingine angeyabeba nyumbani akalala nayo. Leo yalimchoma, maana aliona wazi kwamba kile kiapo cha mama kilikuwa nusu ya habari, na nusu nyingine ilikuwa ubinafsi wa mwanamume aliyependa.

"Mtoto akililia wembe, mpe," binti akasema. "Si ndivyo wanavyosema? Mimi nililia wembe. Ungeninyima ningekuelewa. Wewe ulinipa kijiti ukaniambia ndio wembe, nikatembea nacho nikijiona nina silaha."

"Nilikuwa nakulinda."

"Yule mgeni alinitandika kwa sababu nilimwomba. Aliniuliza kwa adabu zote, uzito gani dada, nikamjibu tofali, tena kwa maringo. Akanipa. Sikuwahi kukutana na kitu kile maishani mwangu, nikafumba macho, nikageuka, na ya pili ilikuwa imeshatoka mkononi mwake ikanikuta sikioni. Jana alinipigia simu analia. Anadhani ni yeye kaniharibu."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe ulikuwa wapi?" binti akauliza. "Ulikuwa umesimama katikati yetu. Ulinisikia nikisema tofali. Ulikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua kwamba sijui ninachokiomba. Kwa nini hukusema?"

Hapa ndipo palipokuwa na donda lenyewe, na wote wawili walijua. Mwalimu akasema kwanza wageni walikuwa wengi. Akasema aliona haya, angemwambiaje mbele za watu. Na mwisho, kwa sauti iliyokauka, akasema lile la kweli.

"Nilikuwa nimekwisha kukuita Chuma mara nyingi mno. Nikaanza kuamini. Siku ile nilipokuona unataja tofali bila wasiwasi, nilijisemea, huyu anaweza. Nilijidanganya na mimi."

Binti akamwonea huruma, na akajichukia kwa kumwonea huruma. Kisha akasimama, akaenda kwenye kabati, akatoa glavu na kumtupia miguuni.

"Vaa."

"Usifanye hivyo."

"Daktari amekataza kichwa. Tumbo hakulitaja."

"Siwezi. Niliapa."

"Usipovaa wewe, kesho naenda ukumbi mwingine, namwomba mtu nisiyemjua. Nimekwambia ukweli, maana mimi nakwambia ukweli." Akamsogezea glavu kwa mguu. "Mimi shati nikilitazama tu najua linataka moto gani. Lakini mwili wangu mwenyewe siujui. Umenichukulia mwili wangu ukaniachia sifa. Nirudishie."

Akavaa. Alivaa kama mtu anayevaa nguo za msibani, lakini alipokwisha kuzikaza, ualimu ukamrudia wenyewe, maana mazoea yana tabu. Akamkumbusha aweke kinga ya meno. Akamrekebisha miguu, akamwambia viwiko vikinge mbavu, atoe pumzi wakati wa kupigwa na akaze tumbo, na akisema basi ni basi. Ukaribu ule, pumzi ile aliyoijua, mikono ile ikimgeuza nyonga kwa heshima zote. Binti alitamani dunia isimame hapo, kabla ya ngumi.

"Unyoya," akasema.

Akapata unyoya.

"Mto."

Akaupata, na akautambua. Ndiyo ile ile, tofali yake tukufu, aliyopigiwa makofi na kulia njia nzima. Ilikuwa ndogo jamani. Ilikuwa ngumi ya kumwamshia mtoto aende shule.

"Mlango."

Ngumi ikaja na macho yakafumba. Akasikia giza lile la zamani, na ndani ya giza miguu ya meza. Mwalimu akarudi nyuma hapohapo, akasema yatosha. Binti akatikisa kichwa, akasema mlango tena. Yakafumba tena. Mara ya tatu yalifumba nusu. Kwa hiyo alikuwa amefika hapo, kwenye mlango. Hakuwa chuma wala nini. Alikuwa mtu aliyefika mlangoni, na hilo lilikuwa lake, hakuna aliyempa.

"Tofali."

"Nakuomba."

"Mwenye mizani ni nani?"

Akampiga.

Hakumpiga kwa nguvu zake zote, wala haikutakiwa, lakini ilikuwa tofali halali. Ilimwingia chini ya mbavu za kulia, hewa ikamtoka yote, magoti yakalegea akajikuta ameinama mikono iko kwenye mkeka wenye maji ya dawa. Hakuweza kusema wala kulia. Alifungua kinywa kama samaki akingoja pumzi irudi, na iliporudi ilikuja na maumivu na kitu kingine ambacho hakukitegemea, kitu kama heshima. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mwanamume huyu alikuwa amempa alichoomba.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele yake. Glavu zimeshatupwa, machozi yanamtiririka, mtu mzima na mabega yake yale. Aliomba msamaha kwa majina yote. Akasema sasa wameyamaliza, hakuna uongo tena, wataanza upya, atamfundisha kuanzia unyoya kwa haki, au asipotaka hatamfundisha kabisa, watakaa tu kama mke na mume wengine. Jumapili iko palepale. Akamshika mikono.

Binti alimtazama uso ule uliolowa. Alitaka kulaza kichwa chake kifuani pale, na nisikufiche, alikilaza. Alikilaza kwa sikio lake zima, akausikiliza moyo wa mwanamume ukienda mbio, akajua kwamba hatapenda tena namna hii mpaka anaingia kaburini. Kisha akajitoa.

"Ukiniambia umekula umeshiba, nitajiuliza," akasema. "Ukiniambia mtoto hana homa, nitakwenda kumshika mwenyewe. Na usiku ukiniambia unanipenda, nitalala macho nikijiuliza huu ni mto au ni tofali. Nitakuwa mke gani huyo?"

"Utazoea. Nitakuzoesha."

"Ndicho ninachokiogopa, kuzoea. Waambie shangazi zako Jumapili wasije."

Akashuka ngazi akijishikilia ubavu. Hakugeuka, maana alijijua, angegeuka tu angerudi.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama yake. Aliyapanga makali. Angemuuliza ni nani aliyemtuma kwenda kumwapisha mtu kwa ajili yake, mtu mzima anayejilisha mwenyewe. Angemwambia kwamba kwa kumkinga na mkono wa marehemu baba ameuleta mkono huo mpaka ukumbini, na sasa ameharibu sikio lake na harusi yake kwa pamoja. Alifika kwenye kizingiti amekwisha kuyapanga yote, moto.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Aliinua macho, akamwona mwanawe anavyopanda kile kidaraja kimoja cha mlangoni, bega limeshuka upande mmoja, kiwiko kimebana mbavu. Kuna wanawake hawahitaji kuelezwa kupanda huko. Nguo ikamwanguka mkononi.

"Amekupiga."

Hakuuliza, alisema. Na yale maneno makali yakamkauka binti kinywani.

"Nimemwomba mwenyewe, Mama."

"Hata mimi nilikuwa nasema nimejitakia mwenyewe."

"Sivyo. Nisikilize kwanza. Yalikuwa mazoezi. Hajawahi kunipiga hata siku moja, alikuwa ananidanganya, na leo ndiyo nimemlazimisha awe mkweli. Mimi ndiye niliyekosa kuelewa tangu mwanzo..."

Akajisikia mwenyewe anavyosema, akakatisha.

Mama akamsogelea, akamshika mkono, akamkalisha taratibu kwenye kochi kama mtu anayejua ni upande gani usiguswe. Uso wake haukuwa na ushindi wowote. Ulikuwa umechoka tu.

"Baadaye alilia," mama akasema.

Binti akavuta blauzi kufunika ubavu.

"Akapiga magoti. Akasema haitatokea tena, mtaanza upya."

"Mama, huyu si kama baba."

"Najua, mwanangu. Hata wa kwangu hakuwa kama wengine."

Akaenda jikoni. Binti akasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria na jiko likiwashwa. Alitaka kumfuata amweleze kwamba yule ndiye mwanamume pekee duniani aliyeogopa kumgusa, kwamba alikishika kile kiapo chake mpaka kikawapasukia wote mikononi. Alitafuta namna ya kulisema hilo ambayo mama yake hajawahi kuisema mwenyewe, kwa majirani, kwa ndugu, kwa muuguzi aliyemfunga ule mkono. Hakuipata. Mama akarudi na kitambaa cha moto, akamwambia ainue blauzi, akaanza kumkanda kwa ule mkono usionyooka, na binti akamwachia.